Nyasi za Kwenye Picha

Nyumba yangu niliiona kwa macho mapya nikiwa Mwanza, kwenye simu ya Lucy, na sikuitambua. Nilikuwa nimetolewa mtoto wa jicho, kulia kwanza, kushoto baada ya wiki tatu, na nilikaa kwa mdogo wangu mpaka daktari aseme basi. Lucy ni binti yake. Siku hiyo alinijia mbio na simu mkononi.

"Mama mkubwa, njoo uone! Kaka Methodius ametuma nyumba yenu. Unaingia mpaka ndani!"

Kweli unaingia. Unagusa kioo, mlango unafunguka, unasogeza kidole, sebule inazunguka. Viti siyo vyangu. Mapazia siyo yangu. Ukutani, palipokuwa na picha ya marehemu mume wangu Luhaga, pametundikwa saa kubwa ya dhahabu ambayo sijawahi kuiona. Nikacheka, nikamwambia Lucy hawa wamevamia nyumba ya watu. Akanieleza kwamba siku hizi ndivyo nyumba zinavyouzwa: mpiga picha anakodi fanicha, anaingia kila chumba na kamera inayoona pande zote, na mnunuzi aliyeko Songea anatembea ndani ya nyumba ya Bariadi bila kuvua viatu. Nikasema haya, nipeleke uani basi.

Uani palikuwa kijani kitupu. Nyasi zile fupi za mahotelini, kutoka ukuta wa nyumba mpaka kwenye uzio. Kaburi la Luhaga, la sementi na vigae vyeupe, halikuwepo.

"Lucy, jiko liko wapi?"

"Jiko tumeshalipita, mama mkubwa. Lile lenye makabati."

"Jiko langu la nje. La udongo."

Akazungusha. Akazungusha tena. Kamera inaona pande zote, na pande zote hapakuwa na jiko. Nikamnyang'anya simu nikazungusha mwenyewe, mpaka Lucy akanishika begani na kuniuliza kama macho yananiuma.

Ngoja niseme kwa nini, maana najua kuna mtu atasema bibi huyu analilia kijumba cha moshi. Mtoto wangu wa kwanza aliitwa Valeria. Aliishi siku kumi na tisa. Kwa ukoo wa mume wangu, mtoto mchanga akifa hazikwi na wanaume. Wanaume wanakaa mbele ya nyumba wakizungumza habari za mvua, wanawake wanamzika nyuma, karibu na jiko. Hakuna matanga, hakuna msalaba, na hatajwi tena. Mama mkwe ndiye aliyechimba. Mimi nilimbeba. Tuliweka mawe matatu juu, hatua nane kutoka mlango wa jiko, mtu akipita aone ni mawe tu. Mama mkwe akajipangusa mikono, akaniita mama kwa Kisukuma, akaniambia, "Mayu, yamekwisha." Hayakuwa yamekwisha, lakini nilikuwa mtoto wa watu, nikanyamaza. Nimepika kwenye jiko lile miaka arobaini na mbili, na kila nilipoinuka kutoka kwenye moshi nilimwona mwanangu alipo. Luhaga hakuwahi kuniuliza ni wapi. Amekufa hajui.

Methodius aliyezaliwa baada yake ndiye aliyetaka tuuze, nikaishi naye Dar. Sikugombana naye. Macho yalikuwa yanakwenda, na nyumba kubwa ya mtu mmoja inachosha. Nilimpa sharti moja tu kwenye simu: baba yake na dada yake tuwahamishie kwanza Kasoli, kwenye shamba la ukoo, na mimi siku yangu ikifika nilazwe kati yao.

"Dada yangu yupi, mama?"

Nikamwambia. Mtoto wa miaka thelathini na tisa anaambiwa ana dada. Akasema, "Sawa. Nionyeshe alipo." Nikamjibu kwamba nikitoka Mwanza nitamwonyesha kwa mkono wangu, maana jambo lile halisemwi kwenye simu. Hapo ndipo nilipokosea, na nalisema mwenyewe kabla hamjanisema. Ningetaja mawe matatu na hatua nane, maneno hayo yangenigharimu nini?

Nilirudi Bariadi kesho yake. Benedikta, jirani yangu, alikuwa getini kwake akipepeta mchele, akaweka ungo chini aliponiona, akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Benedikta, wamefanya nini kwangu?"

Akanishika mkono tukaingia pamoja. Luhaga nilimkuta. Alikuwa palepale ubavuni mwa nyumba, na vigae vyake, na vumbi lake. Yeye walimfuta kwa kompyuta tu. Lakini nyuma lilipita greda. Benedikta alinieleza yote: walivunja jiko asubuhi, mchana greda likakwangua uani kote, lori likabeba udongo mara mbili kwenda kujazia mashimo ya njia, kisha likaleta kifusi chekundu, na nyasi zikapandwa juu. Yeye alidhani mimi ndiye niliyeamuru. Nilisimama juu ya nyasi zile nikageuka huku na huku. Mtu unajua nyumba yako kwa vitu vyake, huu mlango, hili jiwe, ule mti. Wakiondoa vitu, hata wewe mwenyewe unakuwa mgeni. Nilitembea hatua nane kutoka mahali nilipodhani ni mlango, nikafika karibu na uzio. Nikarudia, nikafika kwingine kabisa. Nikakaa chini nikalia kwa sauti, na Benedikta akalia na mimi ingawa hakujua nalilia nini.

Methodius nilimpigia hapohapo.

"Mama, yule mpiga picha, Cyprian, alikuwa na droni ya kukodi, siku mbili tu, ikabidi tuwahi," alisema. "Na uani palikuwa panatisha. Nani atanunua nyumba yenye jiko la udongo na kuni?"

"Nilikwambia nitakuonyesha alipo."

"Nilidhani yuko karibu na baba! Kwa baba sikugusa hata kigae."

"Ulidhani."

"Sasa ningejuaje, mama? Wewe mwenyewe umekaa maisha yangu yote hujasema."

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Nikakata simu.

Yeye alikuja kwa basi wiki ile, na akamleta huyo Cyprian. Nilitarajia kumkuta mhuni, kumbe ni kijana mstaarabu, ameoa, anapiga picha za harusi mji mzima na sasa amehamia kwenye nyumba. Alinisalimia akiwa ameinama. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi sitaki ugomvi. Nataka picha ya uani kabla hamjavunja."

Akasema zile zote alishazifuta, kadi ilijaa. Halafu akajipiga kwenye paji la uso: "Subiri mama, ipo moja! Ile ya tangazo." Kwenye ukurasa wake huwa anaweka picha mbili ubavu kwa ubavu, juu ameandika KABLA na BAADA, watu waone alivyoibadilisha nyumba. Akaitafuta, akanipa simu. Jiko langu lilikuwa pale, na kuni, na sufuria nililoliacha limefunikwa. Kwenye kona ya chini, mawe matatu.

Nilitaka kumkumbatia yule kijana. Namwambia kila mtu asije akasema nilimchukia tangu mwanzo: dakika ile nilimpenda kuliko mwanangu. Methodius alileta futi, wakaanza kupima wawili wao, kutoka ukutani, kutoka kwenye uzio, simu mkononi. Walipima, wakabishana, wakapima tena. Mwisho Cyprian akakuna kichwa.

"Mama, hii haiwezi kutupa jibu. Lenzi ya kupigia picha za nyumba inatanua. Uwanja wa hatua kumi unaonekana wa hatua ishirini, na vya pembeni vinavutwa zaidi. Ndiyo kazi yake."

"Kazi yake ni kudanganya?"

"Siyo kudanganya, mama. Watu siku hizi hawanunui nyumba, wananunua picha. Usipotanua, mwenzako atatanua."

Nimekaa kwenye mizani ya pamba miaka ishirini na miwili. Mkulima akitia maji na mchanga kwenye furushi, nilimjua kwa kulinyanyua tu, nikamrudisha mbele ya wenzake. Huyu alitia mchanga kwenye picha pekee ya kaburi la mwanangu, ananiambia ndiyo kazi. Nilimwambia atoke kwangu, na nilimwambia kwa Kisukuma, kwa maneno ambayo siyaandiki.

Siku ya kuhamisha walikuja watu wa Kasoli wanne, katekista, na bwana afya mwenye kibali. Luhaga hakutusumbua. Walivunja sementi, wakamtoa, wakamweka kwenye sanduku jipya, katekista akasali. Tukaenda nyuma. Nilionyesha kidole mahali moyo wangu uliposema. Wakachimba: kifusi chekundu, chini yake udongo mweusi, hakuna kitu. Wakasogea hatua tatu. Safari hii walikuta majivu, majivu ya jiko langu hasa, nikapiga kelele, "Hapohapo, mko karibu!" Wakapanua shimo na kulichimba hadi magotini, na majivu yakaisha. La tatu likatoboa bomba la maji.

Wakati wanaziba bomba ndipo akaingia mnunuzi. Bi Rahel, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa mkoani kwetu kutoka Songea, mama wa heshima, kitambaa kichwani, simu mkononi imefunguliwa kwenye picha ya nyasi zilezile. Aliangalia simu, akaangalia uani, akaangalia simu.

"Kwenye video uwanja ulikuwa mkubwa," alisema. Kisha akaona lile sanduku. "Na makaburi sikuambiwa."

"Yanaondoka leo yote, Bi Rahel," Methodius akawahi. "Leo hii hii, mbele ya macho yako."

Bwana afya alinivuta pembeni, akaniambia kwa upole kwamba mtoto wa siku kumi na tisa, baada ya miaka yote hiyo, ukichanganya na greda, unaweza kumpita usimwone. Watu wa Kasoli walikuwa wameshaegemea majembe yao. Methodius akaniletea kitambaa cheupe, amekikunjua vizuri kwenye viganja.

"Mama, tuchukue udongo wa hapa. Katekista anasema inafaa. Tumlaze na baba, kama ulivyotaka."

Kila mtu akaitikia, ndiyo, mama, inafaa kabisa. Niliona walivyofurahi kupata njia ya kwenda kula.

"Udongo upi?" nikamuuliza.

"Huu wa hapa."

"Huu umekuja kwa lori kutoka machimboni. Udongo wa dada yako umezibia mashimo ya njia. Unataka nikazike kifusi, Methodius? Nikipigie magoti? Nikisalie?"

"Kwa Mungu ni sawasawa, mama."

"Basi Mungu akakizike."

Akanong'ona kwamba Bi Rahel anasubiri, kwamba karatasi za kuhamisha nyumba ziko tayari kwenye gari, na mimi ndiye msimamizi wa mirathi, bila sahihi yangu hakiendi kitu. Alininong'oneza kwa adabu. Alikuwa na jasho, na kwa mara ya kwanza nilimwona amezeeka, nikamhurumia, kweli nilimhurumia. Lakini nilijua nikishika kalamu ile, yule mama atamwaga zege aegeshe gari, naye ana haki, na hakutakuwa na mtu duniani anayejua kwamba chini pale kuna binti anaitwa Valeria.

Niliwaambia watu wa Kasoli wamchukue Luhaga, jua linapanda. Mmoja akauliza mimi nakwenda na gari gani. Nikamwambia siendi. Mume wangu alizikwa mara ya pili sipo, na tulikuwa tumeoana miaka arobaini na nne. Bi Rahel alinishika mkono akasema, "Pole, mama," akaondoka, na yeye peke yake ndiye aliyesema pole siku ile.

Jembe moja walilisahau kwenye shimo la majivu. Nilianzia ukutani, nikang'oa zile nyasi kwa mstari, nikachimba mpaka kwenye udongo mweusi, nikapitisha udongo kwenye chekeche koleo kwa koleo. Methodius alisimama ananitazama, kisha akaingia ndani. Alikaa siku mbili. Asubuhi ya kuondoka aliniambia namdhalilisha, kwamba mji mzima unaongea, kwamba ile video imeshaonwa na watu elfu nane na wanamuuliza yeye mimi nimeifanyaje nyumba ile.

Sasa ni mwezi wa pili tangu nianze. Nachimba asubuhi kabla jua halijawa kali, mstari mmoja, kisha napumzika. Benedikta ananiletea uji, anauweka juu ya uzio, haniambii tena niache. Macho yangu ni mazima, daktari alifanya kazi nzuri, naona hata punje ya mchanga. Jana Methodius alipiga simu.

"Mama, bado unachimba?"

"Bado."

"Unatafuta nini sasa? Niambie kweli, unatarajia kukuta nini?"

"Natafuta dada yako."

Nikasikia magari ya Dar nyuma yake, halafu akakata. Upande wa ukutani nimeumaliza wote. Leo nimefika kwenye karo la maji machafu. Bado sijampata.