Kilima Kilichonyooshwa

Mpawenimana alikuwa amekaa mkekani nje ya nyumba yake, Makere, rozari shingoni, anasuka mfuniko wa kikapu cha harusi, pikipiki ilipomshusha kijana wa taasisi moja ya mjini Kasulu. Kijana aliitwa Marselino. Alikuwa mchora nembo, ana kamera mbili na hana wazo hata moja.

"Shikamoo mama. Natafuta msukumo."

"Marahaba. Umeudondosha wapi?"

"Uko huku huku vijijini, mama. Mjini umekwisha."

Akamkaribisha uji.

Kikapu kilikuwa cha Nadine, binti yake pekee, aliyeposwa kijiji cha Titye. Kwa watu wao bibi harusi hutanguliwa na kikapu cha unga wa ulezi, na mama mkwe huzisoma nakshi mlangoni kabla hajafunua mfuniko. Nakshi ndizo husema binti katoka nyumba gani, na mwenye nakshi ndiye hukaa kiti cha mbele. Nyumba ya Mpawenimana ilijulikana kwa vilima vyeusi vilivyozunguka kikapu, kimoja kikiwa kimepinda. Kilipinda juma lile alilomzika mumewe. Mkono ulimponyoka, naye hakufumua. Tangu hapo alikipinda hivyo hivyo katika kila kikapu.

Marselino akapiga picha. Kilima cha kwanza kikatoka kwenye kikapu, kikaingia kwenye kamera. Akapiga tena, kikafuata cha pili. Uji ulipokwisha, kikapu kilikuwa cheupe kama sahani.

"Mungu akubariki sana, mama," akasema, akapanda pikipiki.

Mpawenimana akasali, akasuka upya. Vilima vikatulia hadi alfajiri, kisha vikashuka kutoka kwenye kikapu kimoja kimoja, vikakatiza uani na kushika barabara ya Kasulu. Majirani waliokuwa wanakwenda shamba wakavipisha.

"Vyako hivyo, Mama Nadine?"

"Vyangu."

"Vina haraka, yoo."

Akapanda basi, akavifuata. Alivikuta kwenye geti la taasisi, kwenye milango ya magari, kwenye vikombe vya chai, na kwenye vitenge vilivyokuwa vinafungwa mafungu ili vigawiwe vijijini. Bado vilinukia moshi wa jiko lake. Akavikagua vyote. Hakuna kilichopinda.

"Kimoja kilikuwa na kasoro," Marselino alimweleza kwa upole. "Nikakinyoosha."

"Kile ni baba yake Nadine."

"Unaona sasa? Ndiyo maana kazi zenu zinagusa moyo."

"Niazime basi, mwanangu, mpaka harusi ipite."

"Haiwezekani, mama. Wafadhili wameshavipenda."

Akampa kitenge kimoja, bure.

Siku ya harusi kikapu kilifika Titye kikiwa cheupe. Rosa, mama wa bwana harusi, alikizungusha mikononi. Alimfahamu Mpawenimana tangu siku ya posa na alishakula kwake, ila mlangoni nakshi ndizo husema, si watu.

"Dada, hiki kimetoka nyumba gani? Mbona hakisemi kitu?"

"Nakshi zake umezivaa," Mpawenimana akajibu.

Rosa akainama, akatazama kitenge alichogawiwa. Vilima vilikuwa vimenyooka, safi, havina dosari.

"Hizi ni za taasisi," akasema. Akawaza kidogo, uso ukamchangamka. "Kumbe tunaoa kwenye taasisi!"

Vigelegele vikapigwa. Ukoo wenye magari si haba.

Marselino, aliyekuwa amekuja kupiga picha za kalenda, akashikwa mkono na kupelekwa kwenye kiti cha mbele. Alikataa kidogo kama adabu inavyotaka, kisha akakaa. Akaletewa pombe ya ndizi na mrija.

"Mama yangu ni yule pale," Nadine akasema ndani ya shela.

Shangazi wa bwana harusi wakamnyamazisha. Bibi harusi haongei.

Mpawenimana alikuwa amesimama mlangoni, kapakatishwa mkoba wa kamera. Rosa akamwelekeza Marselino kwa kidevu.

"Na huyu mama, baba mkwe, tumweke wapi?"

"Huyu ndiye aliyenipa msukumo," Marselino akasema, kwa heshima zote.

"Basi apewe kigoda jikoni."

Akapewa.