Tunakula Matunda Tu

Afisa wa ustawi wa jamii alikuja Jumamosi saa tatu kamili. Shangazi wa mtoto alikuwa ameshafika saa mbili, na begi tupu la nguo ameliweka mlangoni.

"Begi la nini, wifi?" aliuliza mama wa mtoto.

"La tahadhari," alijibu yule, akaketi bila kukaribishwa.

Mama huyo alikuwa fundi rangi. Kazini walimwita Mama Papai, kwa sababu wenzake walipofungua vyakula vyao mchana, yeye alikaa juu ya ndoo ya rangi na papai zima mapajani. "Leo umetuachia mbegu angalau?" walimtania. Alicheka, akapanda ngazi, akapaka dari hadi jioni. Ulikuwa mwezi wa kumi na nne tangu aache nyama, samaki, maziwa, mayai, na hatimaye kila kitu kilichopita motoni. Kila Jumamosi alfajiri alikimbia na binti yake, Kidoti wa miaka minane, mpaka juu ya kilima. Alijisikia mwepesi, naye alimwambia kila mtu: majirani, mafundi, hata mwuza rangi dukani. Na kila mara alisema maneno yaleyale: "Sisi kwetu tunakula matunda tu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza. Wiki mbili nyuma Kidoti alianguka shuleni kwenye mazoezi ya mbio. Zahanati walimpima, wakakuta amepungua kilo tatu. Nesi aliuliza, "Nyumbani mnakula nini?" Mama, kwa mazoea, akajibu sentensi yake. Nesi akaiandika kama ilivyo. Ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo ulivunja.

Sasa karatasi ile ilikuwa mezani, mbele ya afisa, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini.

"Mama, hapa imeandikwa mtoto anakula matunda tu."

"Hapana, dada. Nilisema tunakula, nikiwa na maana ninakula. Ni mazoea ya kusema. Mtoto hupikiwa kila siku ya Mungu. Viazi, maharage, mboga. Hata mayai nampikia, ingawa mimi siyagusi. Njoo uone."

Akafunua sufuria. Maharage ya asubuhi yalikuwa bado yanatoa mvuke, na viazi vilikuwa pembeni. Afisa akachungulia, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Sufuria si tumbo," alisema shangazi. "Mimi namwona mtoto wa marehemu kaka yangu mabega yanachomoza kama kiango cha nguo. Kwangu kuna uji wa maziwa. Kwangu kuna supu. Nimeshatia sahihi kwamba niko tayari kumpokea."

"Wifi, sahani anairudisha tupu kila siku! Naiosha kwa mkono wangu."

Kidoti alikuwa kitini, mikono chini ya mapaja, akiangalia vidole vya miguu yake.

Chumba kilijaa mvuke na harufu ya rangi iliyokauka kwenye nguo za kazi. "Ninaomba hewa kidogo," alisema afisa, akanyoosha mkono, akafungua dirisha.

Kuku watano wa jirani walikuja mbio kutoka upande wa pili wa uwanja. Walisimama chini ya dirisha, shingo juu, kama wanafunzi waliosikia kengele ya chakula.

Afisa aliwatazama kuku, akamtazama mtoto, kisha mama.

"Hawa mnawalisha?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa mama. Maganda. Nyumba ya matunda haikosi maganda, na nani angebisha? Neno moja tu, na afisa angefunga faili lake. Lakini mama alikumbuka kwamba maganda yake yote huyapeleka jaani mwenyewe, kwenye ndoo, kila asubuhi. Hajawahi hata siku moja kumrushia kuku kitu. Moyo ulimwenda mbio kuliko kilimani. *Ee Mola, ushike ulimi wangu,* aliomba kimya, *maana mimi nimeshindwa kuushika.*

"Mimi siwalishi," alisema taratibu. "Kidoti, mwanangu. Wewe unawapa nini?"

Mtoto alizidi kukandamiza mikono chini ya mapaja.

"Sema tu. Hutapigwa."

"Viazi." Sauti ilikuwa ndogo kama uzi. "Na maharage. Yai hawalitaki sana."

"Ya Rabi!" shangazi alishika kifua.

"Tangu lini?" aliuliza afisa.

"Tangu likizo. Na chakula cha shule nampa jirani yangu wa dawati. Nakula ndizi yangu." Kidoti aliinua uso, machozi yanamtoka. "Mama anasema sisi tunakula matunda tu. Mimi si ndiyo sisi? Nilitaka nifike kilimani kama yeye, nisichoke."

Mama alihisi maneno yake mwenyewe yakimrudia, yamevaa sauti ya mtoto. Miezi minne tangu likizo ile alikuwa ameosha sahani tupu huku akimshukuru Mungu.

Shangazi alisimama, akachukua begi. "Basi. Mmesikia wenyewe."

"Kaa kwanza," alisema afisa, kisha akamgeukia mama. "Asingelazimika kujificha kama angekuwa anakula na mtu. Nikimwacha hapa, nini kitabadilika kesho? Usinipe ahadi. Ahadi ninazo kabati zima."

Mama hakutoa ahadi. Alichukua sahani mbili, akapakua viazi na maharage katika zote mbili, akaziweka mezani. Akaketi mkabala na mtoto wake.

"Mama, hiki kimepita motoni," Kidoti alinong'ona, kana kwamba anamwonya mtu anayetaka kukanyaga kaa la moto.

"Naona. Matunda bado nayapenda, na nyama sitakula. Lakini nilijisifu mpaka nikasahau kwamba unanisikia. Nisamehe."

Akatia kijiko mdomoni. Chumvi ilimshtua ulimi. Alitafuna, akameza, macho yakiwa kwa binti yake. Akachota tena.

Kidoti alichukua kijiko chake. Kimoja. Cha pili. Afisa alikuwa amefungua kalamu lakini haandiki. Cha tatu, cha nne. Shangazi alikuwa bado amesimama, begi likining'inia. Cha tano, cha sita. Mtoto akasita, akaweka kijiko chini.

Mama aliacha kutafuna.

"Chumvi imezidi," alisema Kidoti.

"Hata mimi nilitaka kusema," alisema shangazi, akaketi.

Kidoti akapangusa pua kwa kiganja, akachota cha saba. Ndipo afisa akaanza kuandika: abaki kwa mama yake, apimwe uzito kila Ijumaa.

"Na Ijumaa nitakuwepo mizanini mwenyewe," alisema shangazi.

"Njoo, wifi," alisema mama. "Njoo mapema."