Mashine Haina Ulimi

Nampa maji, ananirudishia moto. Kitendawili hicho alikitunga Loisi mwenyewe, mwaka ule mapanga ya kufua umeme wa upepo yalipojengwa kilimani nyuma ya zahanati, kijiji cha mbele kidogo ukishapita Makutupora. Upepo ukizidi mahitaji, umeme wa ziada hupasua maji, ikatoka gesi ya haidrojeni, ikafungiwa kwenye mitungi. Upepo ukilala, gesi hiyo hurudi kuwa umeme, na jokofu la chanjo haliyumbi. Kazi ya Loisi ilikuwa kulinda simtanki la maji ya kulisha mashine hiyo, maji yaliyochujwa, yasiyo na hata chembe ya chumvi.

"Mama, hayo usimpe hata askofu," fundi Geofrey alimwambia siku ya kwanza.

"Na akija shehe je?"

Wakacheka. Kijana wa watu alikuja na begi moja, akala ugali wa Loisi hadi akawa mwana wa nyumba.

Basi jirani wa Loisi, Mwantum, mtu wa Kondoa, akafiwa na mume. Waombolezaji wakajaa, bomba la kijiji limekauka, na maji ya kisima yana chumvi ya kukata maziwa. Mwantum hakuomba. Alisimama tu mlangoni na sufuria tupu. Watu wa msiba wanyweshwe chai ya chumvi? Loisi akachota dumu zima kwenye simtanki, kisha jingine. Halafu, ili maji yasionekane yameshuka, akajazia ya kisima. Mashine haina ulimi, akajisemea, itajuaje?

Ikajua. Chumvi iliitafuna ndani kwa ndani, gesi ikakoma, na upepo ulipolala mitungi ilikuwa mitupu. Chanjo zikahamishwa kwa pikipiki. Akina mama waliofika na watoto mgongoni wakarudishwa, na Loisi alipowaona wanapita akainama kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Mhandisi Aneth, mkubwa wa mradi, akaja kutoka mjini, akasema kosa ni la fundi, hakusafisha vichujio. Geofrey afungashe.

Asubuhi ya kuondoka alikuja kuaga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Loisi alijibu macho yakiwa kwenye kikombe chake cha chai.

"Leo hata hunitanii. Labda kweli nilisahau vichujio. Sikumbuki kusahau, lakini aliyesahau atakumbukaje?"

Afadhali angemtukana. Loisi aliweka kikombe chini.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nimetoa kwa huruma, nimerudisha kwa woga, anayelipa hata hakuonja."

Geofrey alikuna kichwa. "Nimeshindwa. Nakupa mji. Chukua Dodoma yote, na Bunge lake."

"Sitaki mji. Mhandisi wako yuko wapi?"

"Kwenye gari, ananisubiri. Kwani jibu ni nini?"

Loisi alivuta dumu la njano nyuma ya mlango, lile lile alilochotea maji ya msiba, akajitwika likiwa tupu.

"Njoo ulisikie mbele yake. Nikilisema mara mbili nitaogopa katikati."

Wakatoka. Dirishani kwake, Mwantum aliyekaa eda akampungia mkono. "Loisi, ile chai yako wageni bado wanaisifu."

Geofrey akasimama. Siku zote kijana yule akimwona na mzigo humpokea. Safari hii alilitazama dumu, akakitazama kisima, na mikono yake ikabaki ilipo. Loisi akatangulia peke yake kuelekea kwenye gari.