Kibuyu cha Karani

Tangu karani Sadallah aje na lile neno lake, Mboni hakutulia hata muda wa kumenya muhogo mmoja. Akiketi, anainuka. Akiinuka, amesahau alichoinukia. Maji alichota mwenyewe, chakula alipika mwenyewe, na mtungi aliuweka ndani, karibu na kichwa chake.

"Utachakaa kabla ya kuzaa," mama mkwe wake alimwambia.

"Bora nichakae mimi, mama."

Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Mumewe, Mponda, aliiacha changa alipokwenda Mahenge kupigana na Mdachi, yeye na wenzake, wamejipaka dawa ili risasi zigeuke maji. Hazikugeuka. Kilichobaki cha Mponda duniani kilikuwa hicho kinachocheza tumboni mwa mkewe, na mama yake mzee hakuwa na mtoto mwingine.

Sadallah alikuwa mtu wa pwani, karani wa akida. Alimtaka Mboni awe mke wa pili, lakini alimwambia wazi: "Mbegu ya mwasi haiingii nyumbani kwangu. Dawa ya kuitoa ninayo. Ukikataa, nitakuandika pamoja na wanawake wa kubeba mizigo ya askari, na mizigo itaitoa bila dawa."

Na ni Sadallah huyo huyo aliyesimama pale kijijini Kivukoni mwezi uliotangulia akasoma tangazo la boma: dawa zote marufuku, na atakayempa mwanamke dawa ya kuharibu mimba atafungwa mnyororo. Watu wakaitikia, "Tumesikia." Mboni alisikia kuliko wote. Lakini aende kushitaki kwa nani? Mashitaka yote ya Kivukoni yaliandikwa na karani. Kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani.

Siku ya tano tangu neno lile, wanawake walikuwa ukingoni mwa mto wakipasua kambale, mtumbwi ukagota kwenye matope. Sadallah akashuka, kanzu kaikunja mkononi, kibuyu kakipakata.

"Dada Mboni! Tumekosana bure. Nimekuletea togwa, kapika dada yangu Asmahani. Kunywa hapa hapa, mbele ya watu, tupatane."

Alijua alifanyalo. Kukataa zawadi mbele za watu ni tusi, na tusi kwa karani mwaka ule lilikuwa na viboko vyake.

Mboni alijipangusa utelezi wa samaki, akapokea kwa mikono miwili. Akanusa. Juu ulikuwa utamu wa kimea; chini yake, uchungu wa mizizi. Mtoto akapiga teke. Miguu ilimwambia kimbia. Macho yakaenda kwa mama mkwe, yakarudi kwenye kibuyu, yakaenda mtoni.

Ndipo akakumbuka jambo ambalo katika bonde lile hata mtoto analijua: aletaye kinywaji huonja kwanza, aondoe uchawi. Sadallah alikuwa amekaa bondeni miaka sita akipokea tu. Hakuwahi kumpa mtu kitu, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumfundisha.

Mboni akapiga magoti. "Asante, bwana. Onja kwanza."

"Nini?"

"Ndiyo desturi. Mleta ndiye aanzaye."

Sadallah akacheka. "Mimi na uchawi wapi na wapi? Mimi Mwislamu!"

"Hata mimi Mwislamu, bwana," alisema Mtoro, mwenye mtumbwi, "na togwa haijanishinda. Lete nikuonjee, koo limenikauka kwa kukuvusha." Akanyoosha mkono.

"Acha!" Sadallah aliupiga ule mkono.

Visu vya samaki vikanyamaza vyote.

"Bwana karani," mama mkwe alisema taratibu, "masikio yangu yamezeeka. Lile tangazo lako la dawa lilisemaje?"

Sadallah akakirukia kibuyu. Mboni alikuwa amekwisha kukiziba na kukikumbatia juu ya tumbo.

"Zawadi hairudi," alisema. "Siku utakayoniandika kubeba mizigo, huu ndio utakuwa mzigo wangu wa kwanza, mpaka bomani Mahenge. Huko tutaonja mbele ya bwana mkubwa. Na hawa wote wameona."

"Tumeona," walisema wanawake.

Karani alitaka kuondoka, lakini Mtoro alikuwa anakumba maji kwenye mtumbwi, kata moja moja, bila haraka.

"Subiri, bwana. Mzigo umeuacha, mtumbwi utayumba."

Sadallah akasimama kwenye matope, akitazama ng'ambo, mpaka mwenye mtumbwi aliporidhika.

Jina la Mboni halikuandikwa. Mtoto alizaliwa wakati wa masika, mto ulipoingia mashambani, wa kiume, akaitwa Mponda. Watu wakadhani sasa mama yake atatulia. Wapi! Kila asubuhi, kabla ya kumpa mtoto titi, Mboni alinyoosha mkono juu darini, akakitikisa kibuyu, akasikiliza kama bado kimejaa.