Nyuso Zetu Mezani

Mimi ndiye niliyeanzisha uongo ule, na sitaki mtu agawane nami lawama. Mdogo wangu hupenda kusema, "Tulikosea sote, dada." Huwa namwambia anyamaze. Yeye ni fundi bomba, na katika maisha yake hajawahi kuanzisha jambo lolote mpaka bomba lipasuke kwanza.

Nyumbani kwetu hatuli nyama. Si dini wala si agizo la daktari. Baba alikuwa mfanyakazi wa machinjioni, kazi yake kuosha sakafu, na alasiri moja alirudi, akavua viatu nje ya mlango, akamwambia Mama, "Nyama isiingie tena humu ndani." Tulimzika bila kuambiwa sababu. Mama hakubishana naye. Alijifunza kupika dengu, maharage, maboga, njegere na majani ya kila aina, mpaka jirani zetu wanaokula nyama wakawa wanakuja saa ya chakula kuazima kiberiti, na wengine kiberiti kimewatuna mfukoni. Nilikua nikiamini kwamba mbinguni kunanukia kitunguu kinachokaangwa na mama yangu. Kama si hivyo, nikifika nitalalamika.

Mama hakuwa na vipimo. Ukimuuliza chumvi kiasi gani, anakuonyesha kiganja. Sukari je? "Mpaka iseme basi." Alikuwa akichovya ncha ya mwiko, anadondoshea kiganjani, analamba, kisha anafumba jicho moja. Jicho likifumbuka haraka, tulijua chakula tayari, tukakimbilia sahani. Likikawia, tulirudi kukaa.

Miaka miwili iliyopita alishikwa na homa iliyomlaza wiki tatu. Alipopona, tulishukuru, tukadhani yameisha. Mimi ni fundi cherehani, na siku moja nilikuwa sebuleni kwake napinda mapazia, naye yuko jikoni anapika tofi za maziwa. Ni kitu chepesi: maziwa vikombe viwili, sukari kikombe kimoja, siagi kijiko, moto mdogo, halafu unakoroga mpaka mkono uombe msamaha. Unadondosha tone kwenye maji baridi. Likishikana likawa laini, unamimina kwenye sinia iliyopakwa siagi na kukata vipande. Nilisikia harufu ya kuungua. Nikaita, kimya. Nikaingia, nikamkuta amesimama juu ya sufuria anakoroga kwa utulivu, na moshi unampanda puani.

"Mama, inaungua!"

Alitazama ndani ya sufuria, akaniangalia, akatazama tena. "Moto wa jiko hili mbaya," akasema, akauzima.

Jumapili iliyofuata tulikutana kwake mchana, kama kila Jumapili: mimi, mdogo wangu, na mkewe, yaani wifi yangu, ambaye ni mwalimu wa chekechea. Mama alipakua dengu za nyanya na karoti. Mdogo wangu alitia kijiko cha kwanza mdomoni, macho yakamjaa machozi. Chumvi ile ingeweza kuhifadhi maiti. Wifi aliweka kijiko chini. Nikamtazama Mama. Alikuwa hajagusa sahani yake. Alikuwa anatutazama sisi, uso mmoja baada ya mwingine, polepole, na mimi kwa akili yangu nikaona anatuomba tumsitiri.

"Mama," nikasema, "leo umetuweza." Nikala sahani nzima. Chini ya meza nikampiga wifi teke.

Baadaye tukiwa uani, tunagombea bomba la maji kwa kiu, niliwatolea amri. "Jiko ndilo linalomwamsha Mama asubuhi. Akijua hawezi kuonja, atakata tamaa. Kwa hiyo mtakula, mtasifu, mtafunga midomo."

"Wifi, si bora tumwambie tu?" akasema wifi. "Taratibu, kwa upole?"

"Yule ni mama yangu, si mwanafunzi wako."

Neno lile nimelijutia kuliko yote niliyowahi kusema, na mimi nimesema mengi. Mama mwenyewe aliniita Pilipili tangu nina miaka minne.

Basi nikajipa kazi. Kila Jumapili nilifika mapema, nasema nimekuja kukata karoti. Mama akienda kuoga na kubadili nguo, mimi napiga mbio kwenye sufuria. Chumvi ikizidi, namwaga mchuzi na kuongeza maji na viazi vilivyochemshwa. Ikipungua, naongeza. Biskuti zake za karanga nilizoea kuzibadilisha zote, nabeba zangu kwenye mfuko chini ya vitambaa vya wateja. Kuna Jumapili dengu zilikuwa haziokoleki hata kwa maombi, nikazimwaga zote na kutia zangu nilizokuja nazo kwenye chupa ya chai. Siku hiyo tulikula kwa raha, mdogo wangu akaongeza mara mbili, na Mama akatabasamu mpaka nikamsikia anaimba akiosha vyombo. Nilijipongeza. Kwa kweli nilijiona mtoto bora kuliko wote waliozaliwa.

Siku nilizochelewa kwa sababu ya gauni la bibi harusi fulani, tulikula kama ilivyokuja, na tukasifu vile vile. Tulikuwa tumekuwa hodari. Mdogo wangu alijifunza kumeza bila kupitisha ulimini.

Niliona mambo mawili nikayapuuza. La kwanza, Mama alianza kutumia kijiko cha chai, anakisawazisha kwa mgongo wa kisu, yeye ambaye maisha yake yote alipima kwa kiganja. La pili, alikuwa na daftari, na penseli iliyofungwa kwa uzi. Nilipomuuliza alisema, "Namwandikia mjukuu wangu mapishi. Ananidai tangu aende chuo." Nikafurahi kwamba amepata cha kumshughulisha. Nililishonea daftari jalada la kitambaa cha maua, na kulizungushia mshono maradufu.

Mjukuu huyo ni binti yangu. Alikuwa chuo cha uuguzi, mbali, na sikumwambia chochote kuhusu mpango wetu. Hakuwa anakaa mezani na sisi, sikuona haja. Alipomaliza na kupata kazi na chumba cha kupanga, Mama alimkabidhi daftari kwa mikono miwili. Binti yangu alilibusu jalada.

Wiki tatu baadaye alikuja Jumapili bila kutoa taarifa, daftari mkononi, anacheka tangu mlangoni. Tulikuwa ndiyo kwanza tunaketi.

"Bibi, wewe ulitaka kuniua! Dengu, chumvi vijiko saba? Nimewapikia wenzangu, wamekunywa maji mpaka bomba likalia. Na biskuti za karanga, sukari kijiko kimoja, chumvi vitatu! Wakaniuliza, huyo bibi yako ana ugomvi na nani?"

Hakuna aliyecheka. Binti yangu alituangalia mmoja mmoja, kicheko kikamfia usoni. Mdogo wangu alikuwa anaichunguza meza. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na cherehani yangu juu.

"Saba," akasema Mama. "Ndiyo, ni saba. Lete nione."

Akalifungua daftari, akavaa miwani, akaanza kutusomea kwa sauti ile ya kusomea barua.

"Dengu. Vijiko viwili. Wamekula, wamesema tamu. Dengu. Kijiko kimoja. Wamekula, wamesema tamu. Dengu. Vijiko vitatu. Wamesema tamu. Vinne. Wamesema tamu. Vitano, tamu. Sita, tamu." Akageuza ukurasa. "Saba. Wameongeza sahani. Wamefurahi kweli. Hii ndiyo."

"Mama," nikasema.

"Subiri. Mlidhani sijui? Mtu ulimi wake ufe asijue? Nilijua siku ile ya tofi, ulipopiga kelele na mimi sinusi kitu. Nilikaa nikawaza, nifanye nini, nikae nikunje mikono? Nikasema, nina nyuso za wanangu. Nitapima kwa kijiko, niwape, niwatazame. Chumvi ikizidi watakunja uso, nami nitajua mpaka uko wapi, nirudi nyuma kidogo, niandike. Hivyo hivyo, chakula kimoja kimoja. Nikimaliza, nitapika kwa daftari mpaka nife, na nitawaachia." Akavua miwani. "Nikaongeza, hakuna aliyekunja uso. Nikapunguza, hakuna. Nikasema labda vyakula vya binadamu vimebadilika. Huyu mdogo wako nilijua ni mwoga. Lakini wewe, Pilipili, wewe nilikutegemea. Wewe ulinitupia uji ukutani una miaka miwili kwa sababu haukuwa na sukari. Nikasema, chakula kikiwa kibaya, Pilipili atasema."

Sijui kama mnaelewa. Mwaka mzima mama yangu alikaa mbele yangu akiniuliza swali moja kwa macho, na mimi, mwenye mdomo kuliko wote mtaani, ndiye niliyemnyima jibu.

"Zile za vijiko saba," akauliza, "zilikuwa zangu?"

Ningeweza kudanganya tena. Ulimi ulikuwa umeshazoea.

"Hapana, Mama. Zako nilizimwaga. Zile nilikuja nazo kwenye chupa."

"Na biskuti?"

"Biskuti pia."

Alitikisa kichwa polepole, akihesabu jambo lake. "Kwa hiyo mwaka mzima sijawalisha," akasema. Wifi akaanza kulia. Mama akainuka, akachukua sufuria ya mezani, akaenda kuimwaga yote, na hakupika kingine.

Baada ya hapo hakupika. Asubuhi chai na mkate, mchana chai na mkate, jioni alikula chochote alicholetewa na wifi, na kila mara alisema asante. Jiko lake lilikuwa safi mpaka linatisha. Nilimfuata nikalia, nikamwomba radhi, akanisamehe siku hiyo hiyo. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hicho ndicho kilichonimaliza. Ningejua la kufanya na hasira yake, hiyo nimeirithi. Alikuwa ananipokea vizuri, ananiwekea kiti, tunazungumza habari za wateja wangu, kisha naondoka, na nyumba nzima hainukii kitu.

Miezi minne nilikwenda na daftari jipya. Miezi minne alilisogeza pembeni. Mwishowe, Jumatano moja mchana, nadhani kwa kunichoka tu, akafunga aproni.

"Haya. Dengu. Utaniambia kweli?"

"Kila kijiko, Mama."

Alikaanga kitunguu mpaka kikawa na rangi ya chai, akatia nyanya, karoti, dengu zilizoiva, maji kidogo. Mikono yake haikusahau chochote. Akapima kijiko kimoja cha chumvi, akasawazisha kwa kisu, akatia, akakoroga, akanipa mwiko. Nikaonja.

"Haijafika. Imepooza."

Aliniangalia, nikaona kitu kinawaka machoni mwake. Akaongeza nusu kijiko.

"Bado, Mama. Kidogo tu."

Akaongeza robo. Nikaonja.

Zilikuwa zenyewe. Sina namna nyingine ya kusema. Zilikuwa dengu za utotoni, za Baba akiwa amekaa pale na kiganja shavuni, za mdogo wangu akilamba sahani mpaka puani. Kijiko kimoja na robo tatu, baada ya mwaka mzima wa vurugu zangu. Nilijaribu kusema, machozi yakanitangulia.

"Hapo, Mama. Hapo hapo. Usiongeze kitu. Andika."

Hakuichukua penseli. Alinishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga wa dirisha, akautazama sana. Nilijitahidi uso uwe wa kweli. Sijui kama umewahi kujaribu jambo hilo; kadiri unavyojitahidi, ndivyo unavyozidi kuwa wa mtu anayejitahidi.

"Unalia," akasema.

"Kwa sababu ni zenyewe."

"Au kwa sababu unanionea huruma."

"Mama, naapa. Haki ya Baba kaburini."

"Hata zile za vijiko sita ulikula ukatabasamu, mwanangu. Ukaniambia nimewaweza." Hakusema kwa ubaya. Akaniachia kidevu, akafunika sufuria, akazima jiko.

Nikabeba bakuli mbio mpaka kwa wifi, nikamwambia aonje na aseme lililo kweli, asinihurumie wala asimhurumie mtu. Wifi akaonja, akafumba macho, akasema hajala dengu kama zile tangu homa. Tukarudi wote wawili. Nikamsukuma mbele aseme yeye, kwa kuwa yeye hata mwanzo alitaka ukweli. Akasema yote, vizuri, taratibu, kama anavyojua kusema.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatushika mikono, mimi huku na wifi kule, akatabasamu.

"Nimefurahi sana, wanangu," akasema. "Asanteni."

Sauti ile naijua. Ndiyo niliyomsifia nayo kila Jumapili, mwaka mzima.