Kicheko cha Mbaruku

Nimejinyoosha kitandani baada ya adhuhuri, spika za simu ziko masikioni, na usingizi unanichukua pale pale mwimbaji Bi Saada anaposahau ubeti. Mtu yeyote aliyewahi kuisikia kanda yangu ya onyesho lile atakwambia hakuna taarabu iliyorekodiwa hapa mjini ikaifikia, wala si kwa uzuri wa sauti, maana siku ile Bi Saada alikuwa na mafua. Alisahau ubeti, akakwama, ukumbi mzima ukamwimbia, wanawake wakainuka na noti zao kwenda kumtunza kwa kukosea kwake, na katikati ya vigelegele mume wangu Mbaruku akacheka kile kicheko chake, akasema, mwacheni apumue. Mbaruku amekufa. Picha zake ninazo tele, lakini sauti yake ilikuwa mle tu. Mwanangu Shafii, kwa mapenzi yake, akaipeleka kanda kwa fundi wa studio isafishwe, na fundi akatoa kila kilichoitwa kelele kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele, vikohozi, viti, vigelegele, na Mbaruku. Kanda yenyewe ikatafunwa na mashine ikatupwa. Shafii akanitilia wimbo kwenye simu, akaniambia, mama, sasa unasikika safi. Nikamshukuru, ningefanyaje. Basi Bi Saada anakwama, na pale ukumbi ulipokuwa ukiimba pamebaki shimo, fidla na akodiani zinatembea peke yake humo, na mimi nateleza naingia.

Naangukia kwenye barabara ya rangi ya kahawia, nyembamba, inayong'aa kama utepe wa kanda, inayojikunja na kurudi ilikotoka, na kando yake nyumba haziishi. Anakuja mtu wa kanzu asiye na uso, anashika njia mbele yangu kana kwamba tumeagana. Namwuliza huu ni mji gani. Anajibu, ni mji wa waliokuja kusikiliza wakasikika. Namwambia mafumbo akawafumbie wenye nafasi, mimi namtafuta mume wangu. Anauliza, mumeo ametoka kwenye wimbo, au wimbo ndio umetoka kwake? Natamani kumzaba kibao, ila sioni pa kukipigia. Tunapita nyumba ambamo bendi ya dansi inapiga huku mvua inatwanga mabati, na wanamuziki wanaongeza kasi wasizidiwe, na hapo ndipo wimbo unapopata moto. Tunapita nyumba ya kasida, mtoto analia kwa akina mama, msomaji anashusha sauti taratibu ili ambembeleze bila kuukatiza mstari. Nalia kwa uzuri wake. Lakini ng'ambo ya barabara kila nyumba ina pacha yake, milango ile ile, wimbo ule ule, na ndani viti vitupu. Nageuka, na ng'ambo imekuwa huku, na huku imekuwa ng'ambo, hata sijui tena nimesimama upande upi.

Ukumbi wetu nauona. Naingia roho juu, na Mbaruku yuko pale mbele, na koti lake la krimu, kaupachika mguu juu ya mguu. Bi Saada anakwama. Watu wanapiga makofi na makofi hayalii. Mbaruku anatupa kichwa nyuma, kinywa wazi, mabega yanatikisika, na hakuna kinachotoka. Namshika mkono, namwambia cheka, Mbaruku, nisikie, na yeye ananitazama kwa haya, kama mgeni aliyekuja mikono mitupu. Namgeukia yule wa kanzu, namwuliza sauti za watu mmezipeleka wapi. Ananionyesha mlango wa nyuma.

Nyuma ni uwanja usio na mwisho, na zote zimemwagwa humo, vikohozi, miguno, miluzi, vicheko vya kila aliyewahi kusafishwa. Najitosa bila wasiwasi. Nimelala na mtu yule kitanda kimoja ujana wangu wote na uzee, nitashindwaje kumjua? Nasikia kicheko, ni yeye. Nasikia kingine kandokando, na hicho ni yeye. Cha tatu kinaanzia puani kama chake, cha nne kinaishia na kikohozi kama chake. Nasimama, nafumba macho, najaribu kukumbuka kile cha kweli ili nivipime, na kichwani mwangu hakuna kitu. Kimya. Nimekufa moyo pale, sijui nilikuwa nimebakiwa na nini kama hicho sikuwa nacho. Yule wa kanzu anasema, chagua. Namwuliza, na nikikosea? Anasema, utaishi na mgeni. Nakikumbatia kilicho karibu, kina joto, nakimbia nacho.

Naamka. Spika zimedondoka sakafuni, na chumbani mtu anacheka, polepole, kicheko cha mwanamume aliyeshiba. Shafii anasukuma mlango, anasimama hapo, mwanga wa uani uko nyuma yake na uso wake siuoni, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba nimeamka. Anauliza, mama, nani anacheka humu? Namwambia, sikiliza vizuri, huyu ni baba yako? Anasikiliza. Kisha anasema, mama, na mimi sikumbuki.