Kufuli la Mfereji

"Shusha debe lako, Kalondu, au leo utaokota meno yako kwenye tope hili!"

"Meno yangu? Mama Dinah, mimi nimefika hapa jogoo hajajikuna. Waulize watu!"

"Watu gani? Hawa unaowahonga mandazi?"

"Afadhali mimi nahonga mandazi. Wewe utahonga nini, huo uso?"

Laini nzima ikacheka. Wanawake wa lokesheni ya Voi hawakuwa na maji, lakini kicheko hakikuwa na kufuli. Tryphena peke yake hakucheka. Dinah wake, mtoto wa miaka minne, alikuwa amehara usiku kucha, na kulipokucha macho yalikuwa yameingia ndani kama ya kikongwe. Mganga wa dispensari alikuwa amemgusa tumbo akasema neno moja tu: maji. Ampe maji mengi, safi, kila mara. Nyumbani kwa Tryphena hakukuwa na maji ya kulowesha kidole.

"Mtoto wangu mgonjwa," alisema, akaushika mti wa kubebea wa debe la Kalondu lililojaa.

"Na wangu ni mawe?" Kalondu akaushika upande wa pili.

Wakavutana. Huyu Mdawida, Mtaita wa milima ya Chawia, mwembamba, mkaidi. Huyu Mkamba mpika mandazi wa stesheni, mikono minene kwa kukanda unga. Nyuma yao watu wakachochea, maana pale lokesheni mtu akipiga chafya nyumba ya kwanza, nyumba ya mwisho humpa pole, na ugomvi wa bure haukosi watazamaji. Debe likawaponyoka. Likapinduka. Mchanga mwekundu ukayanywa yale maji kabla hata mtu hajasema "Yesu."

Kicheko kikakatika. Mama mmoja akainama, akajaribu kuchota tope kwa kiganja.

Hapo ndipo ilipolia kengele ya baiskeli. Karani Donald Mwandawiro aliteremka, akaiegemeza kwenye nguzo, akavuta soksi zake nyeupe mpaka magotini. Akatazama saa. Kisha akautoa ufunguo uliokuwa umening'inia shingoni kwa kamba, akafunga mfereji, akalivuta kufuli mara mbili kuhakikisha. Nyuma walibaki wanawake zaidi ya thelathini na madebe matupu.

"Karani, dakika tano tu!"

"Saa mbili ni saa mbili," alisema Mwandawiro. "Muda wenu mmeumaliza ninyi wenyewe kwa kupigana. Tuonane Jumatatu."

Ilikuwa Ijumaa.

Mambo haya yalianza wiki tatu nyuma. Mwandawiro alipanda juu ya kreti la soda hapo hapo kwenye mfereji, akasoma karatasi ya Bodi ya Mji. Bodi, alisoma, inatumia kuliko inavyopata. Bei ya mabomba imepanda. Tangu hali ya hatari itangazwe askari wameongezwa, na mishahara ya askari imepanda. Msaada wa kutoka Nairobi umepunguzwa. Kwa hiyo mfereji wa lokesheni utafunguliwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili hadi saa mbili za asubuhi. Na mkokoteni uliokuwa ukipeleka uchafu wa machinjio kule mbali porini, huo umesimamishwa, ng'ombe wake wameuzwa. Wananchi wanaombwa kujifunga kibwebwe.

"Kibwebwe tujifunge sisi," Kalondu alipaza sauti siku hiyo, "na yale maua ya mabwana kule juu yatajifunga nini?"

Watu walicheka mpaka wakajipiga mapaja. Mwandawiro alikunja karatasi. Maua hayakuandikwa mle. Nyumba za kule juu ng'ambo ya reli zilikuwa na mifereji ndani, na bodi ilisema mwenye mfereji wake ndani analipa, na anayelipa hafungiwi.

Ukifungiwa unakwenda mtoni. Na mto wa Voi wakati wa kiangazi ni mchanga tu. Unachimba shimo, unangoja maji yajikusanye, unachota kwa kata. Wanawake walifanya hivyo. Lakini machinjio yako juu kidogo ya mahali wanapochimba, na tangu mkokoteni usimame, damu na matumbo vilimwagwa ukingoni. Kunguru walinenepa. Maji ya mashimoni yalianza kuwa na utelezi. Bodi ilikuwa imeokoa pesa kote kuwili, kwenye mfereji na kwenye mkokoteni, na watoto wa lokesheni wakanywa kilichookolewa.

Ijumaa ile, saa tatu, Tryphena alikuwa mlangoni mwa ofisi ya bodi, Dinah mgongoni. Hakumwita Karani. Babu yake na babu wa Mwandawiro walikuwa mtu na ndugu yake. Huko Chawia walikuwa wamechunga mbuzi kwenye mteremko mmoja.

"Ndugu yangu Mwandawiro," alisema. "Debe moja. Hata nusu."

Mwandawiro aliinuka upesi, akafunga mlango wa ndani, ule wa mzungu wa bodi.

"Dada, hapa si Chawia. Sema pole pole."

"Mtazame mtoto."

Alimtazama. Tryphena aliona wazi kwamba alimtazama.

"Kwako kuna mfereji," Tryphena akaongeza. "Nitachota jioni, nifunike kwa leso, hakuna atakayejua."

"Nyumba ni ya bodi, mfereji ni wa bodi. Nikigawa maji ya bodi, mwezi ujao niko Maungu napiga nyundo relini na shemeji Obadiah. Na nikikufungulia wewe, nitamwambia nini wa pili? Wa thelathini? Hesabu ya maji huletwa hapa kila Jumamosi, na mimi ndiye ninayeitia sahihi."

"Basi mwambie bwana mkubwa. Mwambie mtoto anakufa."

"Niliwahi kumwambia juu ya maji ya mtoni." Akashusha sauti zaidi. "Akaniuliza kama nataka kazi au nataka mto."

Kutoka ndani sauti ikaita, "Donald!" Na Mwandawiro akaitika "Yes, sir" kwa sauti nyingine kabisa, nyembamba, kama ya mtu aliyekanyagwa kidole. Akamwelekeza Tryphena mlango kwa kidevu.

Majirani walifanya walichoweza. Huyu alileta kikombe, yule nusu ya sufuria. Kalondu, ambaye siku hiyo hakupika mandazi kwa kuwa maji ya unga ndiyo yale yaliyomwagika, alizunguka nyumba kwa nyumba na birika, akirudi na alichopewa, bila kumtazama Tryphena usoni. Vikombe hivyo vilifika mpaka Jumamosi mchana. Baada ya hapo ikawa ni mto. Tryphena alichemsha, akachuja kwa leso, akachemsha tena. Yakatoa povu na harufu ya bucha. Dinah aliyatema. Alipokosa nguvu ya kutema aliyaacha yateremke mdomoni, mbavuni, mpaka kwenye mkeka.

Alikufa Jumapili, watu wakitoka kanisani.

Maji ya kumwosha hayakuwapo. Walimfuta kwa kitambaa. Obadiah, baba wa mtoto, alifika kutoka Maungu Jumatatu, akakuta mfereji uko wazi na unatiririka vizuri.

Mwezi ukapita, na wa pili. Mvua za vuli zilichelewa. Habari zikapikwa na kuliwa kama kawaida ya pale: kwamba bodi imeonyesha mahesabu yake, na matumizi yamelala sawa na mapato, kwamba mzungu aliyetia sahihi ile karatasi amesifiwa kwa barua na kuhamishiwa mji mkubwa zaidi, akasawazishe na huko, kwamba Mwandawiro ameongezwa mshahara na kununuliwa kofia. Kufuli lilibaki. Barua ya sifa haikumtaja mtoto hata mmoja, na waliokufa kiangazi kile walikuwa sita.

Tryphena alisikiliza habari hizo zote. Nyumba yake ilijaa siku hizi. Kalondu alihamishia jiko lake la mandazi barazani pake, na wateja wakafuata, na kelele zikafuata wateja. Walimwona akipika, akifua, akijibu salamu. Ila hakulia, na hakumlaani mtu. Wazee wa Kidawida waliopita pale hawakupenda ukimya ule. Walijua hasira ni kitu chenye miguu. Ikikaa moyoni mwa mtu aliyedhulumiwa, hutoka yenyewe ikamtafuta aliyemdhulumu, yeye au mwanawe, ikamlaza. Na haiondoki mpaka mwenyewe akubali kutasa: achukue funda la pombe ya miwa, au la maji, aliteme kwa kulipuliza nje na kusema kwamba moyo wake sasa umepoa.

Kanisani walifundishwa kwamba hayo ni ya kale. Walikubali. Na bado walitasa.

Lakini hasira ya Kidawida ina mpaka wake. Hutembea ndani ya ukoo. Haipandi treni kumfuata mzungu aliyehamishwa. Haijui jina lake wala mama yake. Tryphena alilifikiria jambo hilo siku nyingi, akipepeta mchele, akifagia uwanja. Mkono uliotia sahihi haukufikika. Uliokuwa karibu ni ule uliogeuza ufunguo.

Basi Loise, mtoto wa Mwandawiro, akashikwa na homa. Siku ya tatu haikushuka. Dawa alipewa, dereva wa daktari alimpeleka na kumrudisha kwa motokaa ya bodi. Siku ya tano mama yake Mwandawiro, Gertrude, akateremka kutoka Chawia kwa miguu na fimbo, akamtazama mjukuu, akamwuliza mwanawe swali moja: "Ni nani uliyemkosea?"

Walifika kwa Tryphena siku ya sita, mchana wa jua kali, baraza imejaa. Kalondu alikuwa ameinua sufuria ya maharagwe, akaiteremsha bila kupakua. Mwandawiro alikuwa amevua kofia. Kuvaa tai kwenda kuomba kutasiwa ni aibu, nayo tai yake alikuwa ameisahau shingoni.

"Hodi, mwanangu," alisema Gertrude.

"Hodini, mama. Karibuni."

Kizee akatoa kibuyu chini ya kanga. Hawakuleta pombe ya miwa. Nyumba ya karani wa bodi, Mkristo, pombe ingetoka wapi? Walileta maji. Gertrude akamimina kwenye kata, na watu wa barazani wakayaona: meupe, mepesi, hayana hata chembe ya mchanga. Maji ya mfereji wa ndani.

"Mwanangu," alisema Gertrude, "mtoto wetu anaungua. Huyu alikukosea, najua. Amekuja kwa miguu yake. Tema, mwanangu. Poza."

"Dada," Mwandawiro akasema. Midomo ilikuwa imekauka. "Tryphena. Mimi nilitumwa tu. Unajua nilitumwa."

"Najua, Karani."

"Usiniite Karani."

"Nikuite nani? Siku ile nilikuita ndugu."

"Ningefukuzwa. Ningefukuzwa na angewekwa mwingine, na mwingine naye angefunga."

"Kweli," alisema Tryphena. "Angefunga."

Akaipokea kata kwa mikono miwili. Mtu mmoja nyuma akashusha pumzi. Gertrude akafumba macho. Loise alikuwa wa umri ule ule wa Dinah. Tryphena alimjua: kitoto chenye mashavu, kilichokuwa kikipungia treni mkono. Hakikufunga mfereji. Lakini hata Dinah hakuwa amemkosea mtu.

Akatia funda mdomoni. Maji yalikuwa baridi. Aliyaweka pale, mashavu yamevimba, macho yake kwa Mwandawiro, na Mwandawiro akakunja kofia yake mikononi, akiinama kidogo, mdomo wazi, kama yeye ndiye anayeyangoja maji yale.

Kooni mwa Tryphena kitu kikapanda, kikashuka.

Gertrude alisikia. Masikio yake yalikuwa mazima. "Umemeza," alisema, karibu kwa kunong'ona. "Mwanangu, umemeza."

"Nilikuwa na kiu, mama."

Akainua kata tena, akainywa yote, bila haraka, mpaka tone la mwisho, akaipindua kuonyesha haina kitu. Kalondu, aliyezoea kuwa na la kusema, alikuwa ameziba mdomo kwa upawa wa maharagwe.

Mwandawiro akarudi hatua moja. Angependa kuondoka. Lakini yeye alikuwa mtoto wa Chawia, alijua kama walivyojua wote pale: kukataa chakula cha ndugu ni kutangaza uadui mbele ya watu, na kumega tonge na mtu ambaye hajatema ni kuimeza hasira yake na kuipeleka nyumbani tumboni.

Tryphena akafuta mdomo kwa upande wa leso. Akasimama kando ya mlango kuwapa nafasi, akatandika mkeka kwa mguu.

"Mbona mnasimama juani?" alisema, na sauti yake ilikuwa ya mama mwenye nyumba, changamfu, ya kila siku. "Kalondu, ongeza sahani mbili. Karibu ndani, ndugu yangu Mwandawiro. Karibu ule."